Waambie Wote Uliolala Nao

Wiki jana niliwaacha na mimi kwenye benchi. Mimi Obitre, fundi wa sigiri, yaani majiko ya mkaa, nimelegeza mkanda wa suruali, nasubiri kuchomwa sindano ya kaswende katika kliniki moja ya Arua ambayo sitaitaja. Mlango wa chumba cha sindano ukafunguka. Niliwaambia mtu aliyetoka nilimjua. Sikusema ni nani.

Alikuwa Wahabu.

Mwenyekiti wa Soko la Mawe, pale kwetu Koboko. Yule wa koti. Yule ambaye hakuna mwanamke anayepata meza ya kuuzia mpaka yeye akubali. Ameshika tako la kulia kwa mkono mzima, uso umekunjamana kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Tukaangaliana.

"Malaria," akasema.

Hakuna aliyemwuliza.

Nyumba ile imegawanywa kwa mbao nyembamba, na masikio yangu ni mazima. Kabla mlango haujafunguka nilikuwa nimesikia Sista Annie, nesi wa pale, akimgombeza mtu mle ndani. Hii ni mara ya pili, alimwambia. Mwaka jana wakati wa maembe ulikuja na ugonjwa huuhuu, nikakuchoma, nikakutuma ukawaambie wanawake wote uliolala nao waje wapimwe. Hukumleta hata mmoja. Umepona wewe, umerudi kulala nao, umeupata tena. Unanichezea mimi au unachezea watu?

Mwaka jana wakati wa maembe. Nikahisi benchi linazama.

Kwa wewe unayeanza kusoma leo: wakati ule mke wangu Celestina alikuwa hai, na tumbo lake ndiyo lilikuwa linaanza kuonekana. Celestina wa Kajo-Keji, aliyevuka mpaka akikimbia bunduki, akauza samaki kavu Soko la Mawe kwenye meza ya karibu na lango. Tulikwenda wote kituo cha afya kupima, kwa sababu mwanamke akija na mumewe anapitishwa mbele ya foleni. Tukapitishwa mbele, tukawa wa kwanza kuambiwa kwamba vipimo vimeisha. Ukutani palikuwa na bango kubwa la rangi: Mama mjamzito, pima damu. Wakubwa walikuwa na fedha ya bango.

Mtoto alitoka ameshakufa. Celestina akamfuata siku ileile, damu ilikataa kukatika. Nilipoanza kutokwa na vipele viganjani ndipo nilipokuja Arua, na damu yangu ikajibu: kaswende. Mimi tangu nioe sikujua mwanamke mwingine. Kwa hiyo nilipewa na mke wangu, na mke wangu alipewa na mtu.

Mtu yule sasa alikuwa anachechemea mbele yangu kuelekea nje.

Nikaingia. Sindano ile msiiombe. Inaingia kama unga wa muhogo uliochanganywa na pilipili, mguu mzima unakufa. Sista Annie akaniambia maneno yaleyale niliyoyasikia kwenye mbao: sasa nenda, waambie wote uliolala nao.

Nikamwambia wangu ni mmoja, na yuko chini ya udongo.

Akabaki ameshika pamba. 

Nje nilimkuta Wahabu ameegemea gari lake. Alikuwa ananingoja. Akaanza kwa heshima, akaniita ndugu, akasema tuongee kama wanaume. Hakukana. Alisema hakumlazimisha Celestina. Mwanamke alitaka meza ya langoni, meza za langoni ni chache, na kila mtu Soko la Mawe anajua zinapatikana namna gani. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya mkaa.

Nikamwuliza jambo moja tu. "Mwaka jana uliambiwa una ugonjwa huu. Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?" Alicheka kidogo. "Mimi ni mutu mkubwa, Obitre. Nikianza kupita meza kwa meza, mama kapime damu, na wewe mama kapime damu, soko litanicheka mpaka Juba."

Akaniahidi nafasi ya sigiri zangu palepale langoni, mahali aliponifukuza zamani akisema nyundo yangu inampigia kelele. Kisha akaweka mkono begani kwangu.

"Na ukitaka kusema, sema. Lakini hutanisema mimi. Utamsema marehemu. Fikiria watu watamwitaje."

Akaingia garini, akakaa kwa paja moja, akaondoka.

Kutoka Arua mpaka Koboko nilisimama nyuma ya lori la mbao, maana kukaa nilishindwa. Na njia nzima sikuwaza habari ya kumpiga wala kumshitaki. Nimshitaki kwa nani? Polisi wanakula kwake, diwani anakunywa kwake. Nilikuwa namwaza Mariam Poni.

Mariam Poni ni mke mdogo wa Wahabu, msichana wa Midia, kijiji anakoishi Wahabu, na hilo ni tumbo lake la kwanza. Limeshapanda mpaka karibu na kifua. Mwanamume aliyewaficha wanawake wa sokoni mwaka mzima, mke wa nyumbani atakuwa amemwambia lini?

Hapo kisasi changu kikaja chenyewe, laini kabisa, bila jasho. Nisifanye kitu. Ninyamaze tu. Yeye alinyamaza, mtoto wangu akatoka baridi. Mimi nitanyamaza, wake naye atoke baridi. Halafu nitakwenda matangani kwake na sukari, nimpe pole, nimwangalie machoni.

Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumamosi ndugu za Celestina wakaja kutoka kambi ya wakimbizi kumaliza matanga. Aliyewaongoza ni Kenyi, kaka yake mkubwa, mtu mrefu asiyeongea, anayekaa na fimbo katikati ya magoti.

Mnajua desturi yetu. Mke akifa, ndugu zake hawamalizi matanga mpaka mume asimame mbele ya watu wote aseme mtoto wao alikufa na nini. Kabla ya hapo hawatii chakula chako mdomoni. Na neno ulilosema pale limekaa. Ukija kulirudisha, umekiri kwamba ulidanganya juu ya maiti, na watu hao si shemeji zako tena. Siku ya kuzika mimi nilisema uzazi, maana sikujua zaidi. Kenyi akajibu kwamba uzazi si jibu, wanawake wote wanazaa, tutarudi kuuliza tena.

Sasa alikuwa amerudi.

Na nani akaingia uani kwangu na gari, koti limepigwa pasi, gunia la sukari mgongoni mwa dereva? Wahabu. Asipokuja Mwenyekiti kwenye matanga ya mwanamke wa sokoni, watu watauliza. Kwa hiyo alikuja, na Mariam Poni nyuma yake amebeba sufuria ya maharage.

Wakamletea kiti cha sofa, cha kuazima kwa pasta. Akasema hapana, atasimama, kwa heshima ya marehemu. Wazee wakatikisa kichwa wakisifu, mkubwa gani siku hizi bado ana adabu kama hii. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, kwa heshima ileile.

Nikaenda nyuma ya nyumba kutazama moto. Mariam Poni akanifuata. Wanawake wengine walikuwa wanasonga posho wakipiga kelele, hakuna aliyetusikia. Aliongea chini chini.

"Shemeji, naona wewe na mzee wangu munatembea namna moja. Alhamisi wote mulikuwa Arua. Ile sindano ni ya nini?"

Nikamwangalia. Sura ya mtoto, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya matanga yangu.

"Malaria," nikasema.

"Malaria ya wote wawili?"

"Arua iko na mbu wengi."

Akacheka. Akaweka mkono tumboni, akaniambia huyu wa ndani jana alicheza mpira mpaka alfajiri, ana nguvu kama baba yake. Kisha akachukua sinia la vikombe akaenda.

Nilitafuta huruma ndani yangu, wasomaji. Nawaambia kweli nilitafuta. Haikuwepo.

Wakati wa kuuliza ukafika. Watoto wakafukuzwa. Soko zima lilikuwa uani kwangu: wauza samaki, wauza nyanya, na Odile, mama wa Ariwara, Kongo, anayeuza vitenge kwenye meza iliyopakana na ya Celestina. Kenyi akasimama, akaegemea fimbo.

"Obitre. Tulikupa dada yetu mzima. Alikufa na nini?"

Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia.

Nikisema uzazi, Mariam Poni anarudi Midia hajui kitu, na mtoto anakufa kama nilivyopanga. Lakini Wahabu naye anarudi nyumbani na koti safi, amekula nyama yangu, amesifiwa adabu. Nikisema ukweli, Wahabu anavuliwa nguo mbele ya soko lake. Lakini Mariam Poni atasikia, atapimwa, atachomwa, na mtoto wa Wahabu ataishi. Visasi viwili, na kimoja kinakula kingine.

 Nikamtazama Wahabu.

Akanitikisia kichwa. Polepole, na tabasamu kidogo, kama bosi anayemruhusu kibarua aendelee na kazi.

Basi. Ni kichwa kile kilichochagua. Isije ikasemwa nilifanya kwa wema.

"Alikufa na kaswende," nikasema. "Mimi pia iko nayo. Nilipata kwa Celestina, na Celestina alipata kwa mutu ambaye aliambiwa na sista mwaka jana, nenda uwaambie wanawake wote uliolala nao. Mutu huyo alichomwa akapona. Hakumwambia hata mmoja. Celestina angechomwa sindano wakati ule, leo angekuwa hapa na mtoto mgongoni. Mutu huyo ni yule anasimama kwa heshima."



Wahabu akacheka, na cheko lake lilikuwa zuri, la mtu aliyezoea mikutano. Akawageukia ndugu za Celestina. Akawauliza kama wamesikia. Kaka mtu ametoka kambini, amekaa na njaa, na mume wa dada yake anasimama kumwita marehemu malaya. Mtu ameumwa kichwa na msiba, akasema, mpeni maji. Yeye, Mwenyekiti, alichomwa malaria.

Fimbo ya Kenyi ikanyanyuka kutoka chini. Macho yake yalikuwa kwangu.

Ndipo Odile akaongea, bila kuinuka alipokaa.

"Mwenyekiti. Kaa."

"Nini?"

"Kiti cha pasta iko pale. Marehemu amesikia heshima yako. Sasa kaa chini, tuone malaria."

Watu wote wakageuza macho kwenye kile kiti. Wahabu alivuta koti, akainama, akashuka nusu, tako likagusa, na mtu mzima akaruka kama aliyekalia siafu. Wanawake wakapasuka kucheka. Mmoja alimwaga uji.

Kisha, wasomaji, kicheko kikafa. Hakikufa mara moja. Kilikufa kutoka mbele kwenda nyuma, mwanamke mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka meza yake aliipataje. Odile mwenyewe alifunga mdomo kwa ncha ya kitenge. Wauza nyanya wakaangalia chini. Nikaelewa kwamba Celestina hakuwa peke yake, na kwamba nilikuwa nimewaambia ugonjwa wao wanawake wa langoni wote kwa mpigo, mbele ya waume zao.

Kenyi akaniuliza swali moja tu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada yangu alimtaka mutu huyu?"

"Alitaka meza," nikasema.

Akakaa chini. Akaiweka fimbo pembeni.

Wahabu alijua kusoma watu, hicho ndicho kilichompa uenyekiti. Aliona upepo umegeuka. Akamwambia Mariam Poni aingie garini, wanarudi Midia. Mariam hakusogea. Akamwuliza mbele ya wote kama ni kweli. Akamjibu kwamba mke hamwulizi mumewe maswali kwenye uwanja wa watu. Akauliza tena. Akaambiwa anyamaze aingie.

Mariam Poni akanigeukia mimi.

"Nilikuuliza jikoni."

"Ndiyo."

"Ulisema malaria."

"Ndiyo."

"Ulijua niko na mtoto tumboni, na ulisema malaria." Hakupaza sauti, ndiyo maana kila mtu alisikia. "Basi wewe na yeye munatembea namna moja kweli."

 Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Sasa nani ananipeleka Arua?" akauliza.

Wahabu akatoa ufunguo wa gari, akawaonyesha watu wote, akautia mfuko wa ndani wa koti. Gari lake haliendi Arua. Na mwanamke atakayetoka uani hapa bila yeye asirudi Midia kutafuta nguo zake. Dereva akaangalia pembeni. Wazee wale waliokuwa wanasifu adabu hawakufungua mdomo, hata yule diwani, ambaye alikuwa ameanza kula.

Aliyeinuka ni Kenyi. Alikuja na pikipiki, akaiwasha kwa teke moja. Akampandisha Mariam Poni kwa mikono miwili kama anayepandisha mama yake. Kisha akaniangalia.

"Na wewe panda. Mke wa mutu sibebi peke yangu. Na neno ni lako."

Akawaambia ndugu zake wasile wala wasiondoke mpaka arudi. Nikapanda nyuma, nimekaa kwa paja moja, watatu kwenye kiti kimoja, Mariam katikati, tumbo limebana mgongo wa Kenyi. Njia nzima mtoto alikuwa anampiga Kenyi mateke mgongoni, na Kenyi kila akipigwa alipunguza mwendo.

Sista Annie alikuwa anafunga dirisha la kliniki. Alipomwona Mariam na tumbo lile, na mimi nyuma yake, hakuuliza. Akafungua tena. Akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kipande cha kipimo, tukakaa tukikitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Mistari ikatoka miwili.

Akamweleza vizuri, kwa upole ambao mimi sikuupata. Ugonjwa umo, lakini mtoto bado ana nafasi. Mama akichomwa sasa, dawa inapita mpaka kwa mtoto. Ila isicheleweshwe, maana dawa inataka muda wa kumfanyia mtoto kazi kabla hajazaliwa, na tumbo hili halina muda mwingi. Leo ni vizuri. Kesho si vizuri kama leo.

Mariam akasema basi nichome, sista. Akaanza kulegeza kitenge palepale.

Sista Annie akaenda stoo. Tukasikia anafungua kabati, anafunga, anafungua lingine. Alikaa sana. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu.

Alhamisi yalikuwepo maboksi, akasema. Alichukua chupa yangu kutoka hapohapo. Sasa kabati ni tupu kama limefagiliwa, na yeye hana ufunguo wa mlango wa nyuma, wenye ufunguo ni wakubwa. Akashika simu. Akapiga duka la dawa la kwanza, la pili, akapiga mpaka kwa misheni. Jibu lilikuwa moja, sindano ile haipo mjini, lori la dawa kutoka Kampala linasubiriwa. Linasubiriwa tangu lini hakuna aliyeweza kusema. Najua aina hiyo ya lori. Ndilo lililokuwa linaleta vipimo vya Celestina.

Ndipo simu ya Mariam Poni ikalia. Akatazama jina. Akaiweka juu ya meza, kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

"Mariam," akasema Wahabu. Alikuwa ametulia kabisa. "Sista amekuambia dawa imeisha?"

Sista Annie akakaa.

Wahabu akaeleza bila haraka. Sindano ziko. Ziko kwake Midia, kwenye kabati la chumbani, maboksi mazima yamefungwa. Alhamisi jioni alirudi kliniki, akapitia mlango wa nyuma akaongea na mtu wa stoo, akabeba zote zilizobaki. Afadhali mwanamume aweke dawa yake ndani, akasema, kuliko kila mara kugombezwa na msichana wa nesi kwamba azunguke akiwaambia wanawake. Na mtu wa kumchoma Mariam yupo, amekaa naye hapo hapo, tayari ameshachemsha maji.

"Nije?" Mariam akauliza.

"Njoo na Obitre. Ndugu za Celestina bado wako uani kwake, hawajaondoka. Obitre asimame palepale aliposimama, mbele ya soko langu, aseme alidanganya. Aseme mke wake alikufa na uzazi, na Mwenyekiti alichomwa malaria. Akimaliza kusema, wewe unachomwa. Leo hii."

"Na asiposema?"

"Asiposema, Obitre ndiye atakuwa amemuua mtoto. Mimi sitakuwa na neno."

Mariam Poni hakulia. Alinisukumia simu mezani, polepole, kwa kidole kimoja.

Kenyi alikuwa amesimama mlangoni, jasho la njia bado liko shingoni. Hakunisihi kitu. Yeye alijua kuliko mtu yeyote maana ya neno lile nikilirudisha: dada yake anarudi kuwa mwanamke aliyekufa bure, mimi nakuwa mwongo wa maiti, na Wahabu anavaa koti lake Jumatatu anakwenda kugawa meza.

Na mimi nilikuwa nimemtaka mtoto huyu afe tangu Alhamisi. Nilipanga kumuua kwa kunyamaza. Sasa nilikuwa nimepewa njia nyingine, safi kuliko ile. Nishikilie ukweli tu. Niseme hapana, mke wangu alikufa na kaswende, sirudishi neno, na hakuna mtu Koboko nzima atakayenilaumu.

Tumbo la Mariam likasogea chini ya kitenge. Wote tuliona.

"Obitre," simu ikasema mezani. "Nasikia unapumua. Jibu."